Wimbo una Mwenyewe: Malenga wa Garissa na Sheria ya Hakimiliki

Nilipokuwa mtoto chuoni, mwalimu wetu alikuwa na swali moja asiloliacha. Ukimsomea dua au kaswida ambayo hakukufundisha yeye, alikunyamazia mpaka umalize, kisha akakuuliza: "Hii umeipokea kwa nani?" Ukimjibu kuwa umeisikia tu njiani, fimbo haikuwa mbali. Kwake yeye maneno yasiyokuwa na sanadi yalikuwa kama mtoto aliyeokotwa sokoni. Kwanza apatikane mwenyewe, ndipo mengine yafuate.

Swali hilo hilo nililikuta tena Garissa, ng'ambo ya mto Tana. Tulikuwa tumeketi baada ya Alasiri, chai ya maziwa mikononi, na mzee mmoja akaombwa atupe shairi. Sisi Waswahili pengine tungeanza pale pale kwa ubeti wa kwanza. Yule mzee hakuanza hivyo. Alianza kwa kumtaja mtunzi kwa jina lake na la babake na la babu yake, akataja kabila lake, akaeleza ugomvi uliomfanya atunge na mahali alipokuwa siku hiyo. Alipokwisha kuyasema hayo ndipo akasoma. Katikati akateleza neno moja, na mwenzake aliyekaa karibu akamrudi papo hapo. Mzee akalirudia kama inavyotakiwa, akaendelea.

Mpenzi msomaji, yale niliyoyaona siku ile ni sheria, ingawa haikuandikwa na Bunge lolote. Wataalamu wawili, Andrzejewski na Lewis, waliochapisha kitabu chao juu ya ushairi wa Kisomali mwaka 1964, waliliona jambo hili na wakalifananisha na sheria ya hakimiliki isiyoandikwa, kali kama zile za mataifa yenye kuandika. Msomaji wa shairi la mwenzake hana ruhusa ya kulibadili, wala hana ruhusa ya kulificha jina la mtunzi. Akifanya hivyo huaibika mbele ya watu.

Tazama shairi za Sayid Muhammad Abdulle Hassan, aliyefariki mwaka 1920. Kisomali hakikupata hati rasmi ya kuandikia hadi mwaka 1972, na diwani ya Sayid iliyokusanywa na Jaamac Cumar Ciise ilichapishwa Mogadishu mwaka 1974. Kwa zaidi ya miaka 50 maneno yake yalikaa vifuani mwa watu, na hakuna aliyethubutu kusema ni yake. Sisi huku pwani mtunzi hujifungia jina lake katika ubeti wa kaditama ili asipotee. Wasomali wamemwachia kila msomaji amana ya kulibeba.

Lakini mambo yamebadilika. Kijana aliyekuwa pembeni yetu alikuwa ameinua simu yake akarekodi yote. Sijui nia yake, na simdhanii mabaya. Najua tu kwamba shairi likiingia katika simu hukatwa kichwa. Yale maelezo ya mwanzo, jina na nasaba na sababu, ndiyo yanayotupwa kwanza kwa kuwa ni marefu. Kinachobaki ni sauti tamu isiyokuwa na mwenyewe, na kitu kisichokuwa na mwenyewe huokotwa na kila apitaye. Atakitia ala, atakiuza kwa kampuni ya simu kiwe mlio wa kumliwaza mpigaji, na mtunzi hatasikia habari hata siku moja.

SHERIA ILIYOKUJA KAMA FIMBO

Kabla ya kuwalaumu wasanii wa Garissa, Wajir na Mandera kwamba hawajui sheria, tukumbuke sheria iliwafikia kwa mlango gani. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifanya sehemu hii kuwa wilaya iliyofungwa, na mwaka 1934 ikaongeza sheria nyingine ya wilaya maalumu. Mtu hakutoka wala hakuingia bila ya kibali. Uhuru ulipokuja Disemba 1963, haukupita mwezi kabla ya hali ya hatari kutangazwa huko kwa sababu ya vita vya Shifta, na kanuni zake hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Kwa muda wa kizazi kizima, neno "sheria" masikioni mwa watu wa huko lilikuwa na maana ya kizuizi cha barabarani, kipande na askari. Ndiyo maana hadi leo utasikia mzee akivuka daraja la Tana anasema kwamba anakwenda Kenya.

Na wasanii popote nchini waliionja fimbo hiyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ilirithiwa kutoka kwa mkoloni, na mwaka 1977 mchezo wa "Ngaahika Ndeenda" huko Kamirithu ulifungwa kwa kuondolewa leseni. Hata leo mwenye kutaka kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani hana budi kutafuta leseni kwanza. Msanii aliyezoea kuombwa vibali hawezi kudhani kwamba katika kabati lile lile la serikali kuna sheria nyingine ya kumlinda yeye.

Ipo. Kenya ilikuwa na sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 1966. Ile inayotumika sasa ni ya mwaka 2001, na imerekebishwa mara kadhaa, hasa mwaka 2019 na 2022. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ndiyo inayoisimamia. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, imeilazimisha serikali kuzilinda haki za ubunifu za watu wake, na kifungu cha 33 kimetaja uhuru wa kubuni sanaa.

HAKI TATU KATIKA WIMBO MMOJA

Jambo la kwanza ambalo msanii wa Garissa hana budi kulijua ni kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa una haki tatu ndani yake, kama nyumba moja yenye milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa mtunzi, aliyetunga maneno na sauti. Wa pili ni wa mwimbaji na mpiga ala, walioufikisha wimbo masikioni. Wa tatu ni wa mtayarishaji, aliyegharamia studio na kuipanga kazi ya kurekodi. Kila mmoja ana lake. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote, na baada ya kufa kwake huendelea kwa miaka 50 inayohesabiwa tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Malenga aliyefariki mwaka 2000, kwa mfano, kazi yake haijawa ya umma hadi mwisho wa mwaka 2050. Haki ya mtayarishaji juu ya sauti aliyoirekodi ni miaka 50 tangu ilipotengenezwa.

Chukua mfano wa kikundi cha Gargar cha kinamama wa Garissa, ambao jina lao kwa Kisomali lina maana ya msaada. Hawa waliimba mambo ya kwao, na studio ya Ketebul Music ya Nairobi ikawarekodi na kutoa santuri ya "Garissa Express". Kazi kama hiyo ni mfano mzuri wa nyumba yenye milango mitatu: yuko aliyetunga, wako walioimba, na yuko aliyetayarisha. Palipo na ujuzi kila mmoja huingia kwa mlango wake. Pasipokuwa na ujuzi, mwenye mashine hufunga milango yote mitatu na kutia funguo mfukoni.

Hapa ndipo pana tatizo la wenye kutunga kwa kichwa. Sheria inasema kazi hupata ulinzi ikiwa ina ubunifu wa mtu mwenyewe na ikiwa imeandikwa, imerekodiwa au imetiwa katika umbo la kushikika. Kabla ya hapo, shairi lililo kifuani, hata likiwa zuri kiasi gani, sheria hailioni. Malenga aliyelisoma mara mia kwenye harusi za Garissa, bila ya karatasi wala kanda, hana cha kuonyesha mahakamani.

Lakini msikilize vizuri, kwa kuwa wengi hukosea hapa. Sheria haikusema kwamba lazima mtunzi ndiye arekodi. Yule kijana mwenye simu akirekodi, shairi limepata umbo, na haki ya utunzi inabaki kwa malenga. Kijana anaweza kudai haki juu ya ile sauti aliyoinasa, lakini hakuwa mtunzi kwa kubonyeza kitufe. Shida ni ushahidi. Siku ya kesi, kijana ana rekodi yenye tarehe, na mzee ana nini? Ana wazee wenzake waliosikia. Kwa hiyo wazee hao wasidharauliwe. Ile desturi ya kumtaja mtunzi kabla ya kusoma, ikirekodiwa pamoja na shairi, ni ushahidi mwema. Kijana aliyekata maelezo ya mwanzo amekata hati ya umiliki.

KAZI YA KUAGIZWA

Jambo la pili lina hatari zaidi, kwa kuwa ndilo linalowapa wasanii wa kaskazini mashariki mkate wao wa kila siku. Sanaa nyingi huko huagizwa. Mwanasiasa anataka wimbo wa kura. Shirika la misaada linataka mchezo wa redio juu ya chanjo ya watoto au ya ngamia. Msanii anaitwa, anapewa bahasha, anaimba, anakwenda zake.

Sheria ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa na mtu akiwa katika ajira yake, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwenye kuagiza au mwajiri, ila pakiwa na makubaliano ya kuzuia jambo hilo. Maana yake ni kwamba kimya cha msanii ni saini. Akinyamaza, wimbo umekwenda. Mwaka ujao ukipigwa katika nchi jirani, au ukitiwa katika filamu, hana la kudai.

Namjua fundi mmoja wa maneno, na jina lake nalihifadhi, aliyetunga tenzi fupi kwa ajili ya mradi fulani, akalipwa pesa za kununua mbuzi wawili. Miaka michache baadaye akausikia utenzi wake ukisomwa na sauti nyingine, jina jingine limetajwa mwisho. Alipouliza akaambiwa: "Si tulikulipa?" Alichohuzunikia zaidi ni lile jina jingine. Pesa, alisema, zingeliwa tu.

Na katika hilo la jina sheria iko upande wake. Hata ukiiuza hakimiliki yote, inabaki haki ya heshima ya mtunzi: kutajwa kuwa ndiye aliyetunga, na kukataa kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia hadhi. Haki hiyo haihamishiki kwa mtu mwingine maadamu mtunzi yu hai. Wazee wa Kisomali walilijua hili kabla ya mawakili.

MSANII ALIPOKWENDA MAHAKAMANI

Watakaosema kwamba msanii maskini hawezi kuisimamisha sheria mahakamani, na wakumbuke Malindi. Mwaka 2016, katika Mahakama Kuu ya mji huo wa pwani yetu, waimbaji wawili wakiongozwa na Mercy Munee Kingoo waliishtaki kampuni ya Safaricom pamoja na Mwanasheria Mkuu. Walipinga kifungu cha 30A kilichoingizwa katika sheria mwaka 2012, kilichopitisha malipo ya waimbaji na watayarishaji mikononi mwa vyama vya ukusanyaji. Mahakama ikaamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kilipotungwa.

Vyama vyenyewe ni vitatu vilivyojulikana sana: MCSK cha watunzi, kilichoanzishwa mwaka 1983, KAMP cha watayarishaji, na PRISK cha waimbaji na wachezaji. Manung'uniko juu ya vyama hivi hayakuanza jana, na Agosti 2021 Bodi ilivifutia leseni ikisema havikutimiza masharti. Kwa hiyo, msanii anayetaka kujiunga na chama chochote aiulize Bodi kwanza kama leseni ya chama hicho ni hai mwaka huo.

Juu ya milio ya simu, marekebisho ya mwaka 2022 yalimtengea msanii asilimia 52 ya mapato, kampuni ya simu asilimia 39.5, na wakala wa kati asilimia 8.5. Kabla ya hapo msanii alikuwa akipata sehemu ndogo mno. Lakini asilimia 52 ni ya yule ambaye jina lake limeandikishwa kwenye wimbo. Kama wakala ndiye aliyejiandikisha, pesa zitamfuata yeye.

DINI YASEMAJE?

Wako ndugu watakaoniuliza: wewe uliyesoma chuoni, nyimbo na ala zinakuhusu nini? Mas'ala ya ala yana mjadala mrefu baina ya wanazuoni, na siufungui hapa. Ninalosema ni juu ya haki ya mtu katika jasho lake, awe ametunga kaswida, utenzi, kitabu cha fikihi au ameandaa mawaidha ya kanda. Wangapi miongoni mwetu huchapa kitabu cha sheikh bila ya idhini na kuona ni thawabu?

Baraza la Fikihi ya Kiislamu la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Kuwait Disemba 1988, na katika azimio lake nambari 43 likapitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, zinalindwa na sharia, na haifai kuzivamia. Hivyo basi anayeiba utungo asijifariji kwamba hakubeba kitu cha kushikika.

Juu ya mikataba tunayo aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, inayotuamrisha kuandika deni la muda maalumu, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Sheria ya Kenya nayo inataka uuzaji wa hakimiliki, au ruhusa ya mtu mmoja pekee, uwe kwa maandishi yenye saini. Makubaliano ya mdomo hayauzi hakimiliki. Anayekudai wimbo wako kwa kusema "tulikubaliana kwa maneno", mwombe karatasi.

Na hakimiliki ni mali inayorithiwa. Malenga Mwislamu akifariki, mirathi yake hugawanywa na Kadhi, na miaka ile 50 ya utungo wake ni sehemu ya tarika kama vile ngamia na shamba. Mjane mwenye watoto ana thumuni yake katika mirabaha. Ni mara ngapi umesikia hakimiliki ikitajwa mbele ya Kadhi? Watu huhesabu sufuria na vitanda, na diwani ya marehemu huachwa ichukuliwe na mgeni wa kwanza mwenye mfuko.

NYIMBO ZA WOTE, NA WASANII WA KAMBINI

Si kila wimbo una mtunzi anayejulikana. Wasomali wenyewe hutofautisha. "Maanso" ni ushairi mzito wenye mtunzi wake. "Hees" za jadi, kama zile za kunyweshea ngamia visimani au za kusukia mikeka, ni za watu wote, na hakuna amtajaye mtunzi. Nyimbo za namna hii zinaangukia katika Sheria ya Kulinda Ujuzi na Sanaa za Jadi ya mwaka 2016. Inataka anayezitumia kwa biashara apate ridhaa ya jamii, na inazipa serikali za kaunti kazi ya kuziandika katika daftari. Hapa ulinzi hauna hesabu ya miaka. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zikilifungua daftari hilo barabara, zisiwasahau Waboni na Wamunyoyaya, jamii ndogo zenye nyimbo zao.

Kisha wako wasanii wa Dadaab. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianza mwaka 1991 na 1992, na wako waliozaliwa humo wakazaa humo. Wapo watunzi, wapiga picha na waigizaji. Mkimbizi hana ruhusa ya kutoka kambini apendavyo kwenda studio za Nairobi, na kamera za wageni ndizo humfuata yeye. Ajue basi kwamba hakimiliki ya Kenya haikuwekewa raia peke yao. Inamlinda pia mtunzi ambaye makazi yake ya kawaida ni Kenya. Karatasi ya ruhusa anayopewa atie saini, aombe ifasiriwe kwa lugha yake kwanza. Kutaka kufahamu unachokitia saini hakuitwi ukorofi.

LIFANYWEJE?

Nayasema machache, na wajuzi wataongeza. Kwanza, malenga arekodiwe akiwa mzima, na rekodi ianze kwa jina lake na nasaba yake na sababu ya utungo, kama walivyofanya wazee. Simu aliyonayo mjukuu yatosha. Pili, kazi iandikishwe kwenye Bodi ya Hakimiliki. Haki haitokani na kuandikishwa, ila cheti husaidia pakitokea ubishi. Tatu, kila kazi ya kuagizwa iwe na karatasi, hata ya ukurasa mmoja, yenye kusema hakimiliki inabaki kwa nani, inatumika wapi na kwa muda gani, na jina la mtunzi litatajwa vipi. Nne, wakadhi na maimamu waikumbushe jamii kwamba utungo ni mali.

Sisi wa pwani tusijione tumepona. "Malaika" iliyorekodiwa na Fadhili William imeimbwa dunia nzima, na hadi leo watu wanagombania ni nani hasa aliyeitunga. Kama kila aliyeiimba tangu mwanzo angeulizwa lile swali la mwalimu wangu, umeipokea kwa nani, ugomvi huo ungekwisha zamani.

Nami kabla ya kuweka kalamu chini, naacha ubeti huu mmoja, na mwenye kuusoma anitaje:

Utungo si wa njiani, hauokotwi jalala,
Una mwenyewe nyumbani, aliyekosa kulala,
Jina lake litajeni, na haki yake ya kula,
Msingoje kwa Manani, mkaulizwe masala.